Miezi Saba Bila Mapumziko

Kwanza niseme hivi, ili tusichoshane. Mimi sikuvunja nyumba ya mtu. Nilisoma karatasi. Karatasi yenyewe ilikuwa na sentensi mbili, nikaisoma mbele ya wanawake walioshiba wali wa Yolande, na kila mmoja alicheka. Leo ukiwauliza, hakuna aliyecheka. Eti wote walitazama chini, wote waliona vibaya, wote walishangaa Shamimu kaingiwa na nini. Wanafiki wakubwa. Nimewashonea nguo miaka tisa, najua kila mmoja ana nini chini ya gauni lake, wasinitanie.

Jina langu ndilo hilo, Shamimu, mtu wa Tanga, fundi cherehani. Chumba changu kiko hapa Brussels, ndani ya ile galeria, ujia wa maduka unaotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles, kati ya muuza simu na msusi. Cherehani mbili, kioo kimoja kirefu, pazia la kubadilishia nguo. Waafrika wa mji huu wakiwa na harusi, wanakuja kwangu. Wakiwa na msiba, wanakuja kwangu. Na kila mwezi wa tano wanawake wa chama chetu wanakuja kwangu kupimwa nguo za tuzo.

Tuzo zenyewe ni zile za tamthilia za Waingereza. Usinicheke. Wengine wana mpira. Sisi tuna zile tamthilia zisizokwisha: mtaa mmoja, baa moja, mvua, watu walewale wakioana na kuachana na kuzikana miaka nenda miaka rudi. Nilianza kuzitazama nilipotua Brussels, maana Kifaransa kilinishinda na Kiingereza cha shule nilikuwa nacho kidogo. Nikamvuta Adelina. Adelina akamvuta Nyambura, Mkenya, ambaye ndiye anayejua kuipata chaneli yao kwenye kompyuta na kuiunganisha na runinga. Kisha akaja Yolande wa Lubumbashi, asiyejua Kiingereza hata cha kuomba maji, na ndiye anayelia kuliko sote.

"Mi naangaliaka tu macho ya muntu," husema. "Kama ni mubaya, naona. Maneno, bon, ya kazi gani?"

Mara moja kwa mwaka Waingereza huwavika waigizaji wao nguo ndefu na kuwagawia zawadi. Mwovu wa mwaka. Mchekeshaji wa mwaka. Aliyeondoka kwa kishindo kuliko wote. Wao wanafanya usiku, sisi tunatazama Jumapili inayofuata, mchana, watu wakishatoka kanisani, kwa Yolande huko Laeken. Nyambura anakuwa ameirekodi. Simu zote zinaingia kwenye kapu mlangoni, zimezimwa, asije mtu akapata habari za nani kashinda akatuharibia. Na sisi pia tunavaa nguo ndefu. Nguo nashona mimi.

Sasa, mwaka mmoja Waingereza hawakufanya zao, na sisi tulikuwa tumeshashona. Tufanyeje? Tukafanya zetu. Nyambura akaupaka mwiko wa ugali wa Yolande rangi ya dhahabu, tukampa aliyeigiza watu vizuri mwaka ule. Maana sisi kila mwezi tukikutana ni lazima mtu asimame amwigize mtu: bosi wake, mkwe wake, karani wa manispaa. Tangu hapo ikawa mila. Kila mwezi wa sita tunapiga kura kwa vikaratasi ndani ya birika, Nyambura anahesabu, mshindi anasimama. Mwenyekiti anasoma karatasi ya sifa, yaani kashinda kwa igizo gani. Mshindi anapokea mwiko na kuwashukuru wote waliomfikisha hapo, kama Waingereza wanavyofanya, hata kama analia. Hakuna kukataa kushukuru. Yolande, ambaye simu yake peke yake inaruhusiwa kwa kazi hiyo, anapiga video, na jioni anaitupa kwenye kundi kubwa la simu. Humo wamo waume, mashemeji, watu wa kanisani na watu wa msikitini.

Mwenyekiti ni mimi. Sifa naziandika mimi, jikoni, peke yangu, na hakuna anayeziona kabla sijazisoma. Kanuni hiyo niliiweka mwenyewe.

Haya, tuje kwa Adelina.

Adelina ni mtu wa Bukoba, mpole, mrefu, anayecheka huku kaziba mdomo. Mumewe Tito ana kazi nzuri kwenye ofisi ya kimataifa, wanakaa Uccle penye miti. Tito ni mzee wa kanisa kwenye ibada ya Kiswahili. Ndoa ya mtu ikiwaka moto, anaitwa Tito aje na Biblia na ile sauti yake ya chini. Mimi Mwislamu, lakini hata kwangu alikuja. Jaffari aliponipa talaka, Tito na mkewe walikaa kwenye makochi yangu saa tatu nzima kusuluhisha, na Jaffari akaondoka hivyo hivyo. Tito akaenda zake. Adelina akabaki. Alilala kwangu sakafuni siku kumi na moja, akinipikia uji na kunishika mkono. Hilo silikatai.

Ila mimi nilipoachwa, mji mzima ulijua kabla ya magharibi. Sikupata pazia. Nilikwenda kununua vitunguu na muuza vitunguu akanipa pole.

Novemba iliyopita Tito alifunga sanduku akahamia Schaerbeek, mtaa mwingine wa mji huu huu, kwa mwanamke anayeitwa Emmanuella. Adelina alikuja chumbani kwangu, akafunga pazia, akaniambia mimi peke yangu. Akaniambia na masharti ya Tito. Tito alikuwa amesema hajui kama kaondoka moja kwa moja, anatafakari. Huenda atarudi. Lakini siku mtu yeyote atakapojua kwamba alitoka, hatarudi ng'o. Mzee wa kanisa hawezi kurudi nyumbani kwake kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," Adelina aliniambia. "Wewe tu. Nikinyamaza vizuri, nitampata."

Na alinyamaza vizuri, wallahi. Viatu vya Tito viliendelea kukaa mlangoni, na kila wiki alibadilisha jozi. Ukimuuliza, Tito yuko Addis, Tito ana kikao, Tito kalala, kichwa kinamgonga. Jumapili kila mmoja alipanda tramu yake, wakakutana kwenye kona nyuma ya kanisa, wakashikana mikono, wakaingia pamoja. Ibada ikiisha wanatoka wameshikana mikono, wanaachana kwenye kona ileile. Nilipomwambia mficha uchi hazai, waambie watu wakusaidie, alikaza kitambaa kichwani. Akasema, shoga, mimi nataka mume wangu, sitaki msaada.

Nilimtunzia siri hiyo miezi saba. Mtu hanipi sifa kwa hilo.

Kilichonikera ni gauni. Ndiyo, gauni, na ukitaka kucheka cheka. Mwezi wa tano wote walikuja kupimwa isipokuwa Adelina. Nikampigia, ana mafua. Nikampigia tena, ana wageni. Mara ya tatu hakupokea. Siku mbili kabla ya sherehe nimekaa kwenye cherehani, natazama nje kupitia mlango wa galeria, namwona Adelina anapita Chaussée d'Ixelles na mfuko wa duka, gauni limening'inia ndani yake na lebo bado inaonekana. Aliuona mlango wangu. Akageuza uso akatembea upesi.

Miaka tisa namshonea. Mtu niliyemtunzia siri, ambaye kwangu anavua mpaka shimizi, kaona aibu ya nguo zangu akaenda kununua za dukani, na akaona ni haki yake. Nilikata uzi, nikatia tena, nikakata. Nilisema moyoni, sawa, bibie. Wewe una mume wa kuigiza na gauni la kununua. Mimi nina nini?

Jumapili ile kulikuwa na joto. Yolande alifungua madirisha yote, akaacha na mlango wa ngazini wazi ili upepo upite. Adelina aliingia na gauni lake la dukani, la kijani, pana kama pazia, halina kiuno wala umbo.

"Maman Adelina, uko muzuri lelo," Yolande akamwambia. "Na bwana yako eko wapi? Kila mara eko na kazi, ule."

"Atakuja kunichukua," Adelina akajibu, na uso wake ukawa kama wa msichana.

Tukala. Adelina hakugusa samaki. Tukatazama Waingereza wakigawiana vyao, mwovu wa mwaka akawa yule mwenye kidevu, Yolande akalia alipopanda jukwaani kwa sababu eti macho yake ni mema. Nyambura akasimamisha rekodi katikati, tukapiga kura zetu. Adelina alishinda kwa kura zote isipokuwa moja. Alikuwa amemwigiza bibi wa ghorofa ya chini kwao Uccle, yule anayefungua mifuko ya taka ya majirani kuona nani katia chupa kwenye mfuko usiohusika. Aliigiza mpaka mkono wa bibi unavyotetemeka akiona ganda la ndizi. Nilicheka mwenyewe nilipoliona igizo lile. Ile kura moja iliyokwenda kwingine ilikuwa yangu.

Nikaingia jikoni na kalamu. Niliandika haraka, sikufuta neno. Nilikuwa nakunja karatasi Adelina alipoingia, akasukuma mlango nyuma yake.

"Shoga, najua umenikasirikia kwa gauni," akasema. "Nitakueleza, na utanisamehe. Lakini kwanza lile jambo lingine. Tito anarudi."

Nikamwuliza anarudi vipi.

"Amekuwa akija tangu Februari. Kila Jumamosi, Emmanuella akiwa kazini. Amechoka kule. Leo anakuja kunichukua hapa saa kumi na mbili, anapanda juu, anasalimia watu kama mume yeyote, tunaondoka pamoja na haniachi tena. Mabegi yake yako kwenye gari. Amesema kwa kuwa hakuna anayejua, ni kama hakutoka." Akanishika mikono miwili, yangu ikiwa na karatasi ndani. "Nimeweza, Shamimu. Miezi saba. Na kesho nitakuambia jingine, zuri zaidi."

Akanibusu shavuni, akatoka.

Nilikuwa na nafasi ya kuichana ile karatasi. Sitasema uongo. Kulikuwa na kalamu, kulikuwa na karatasi nyingine, kulikuwa na bibi wa taka wa kuandikwa. Nilisimama pale kama dakika nzima. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili kasoro kumi. Nikamwaza Jaffari, ambaye hakuwahi kuja Jumamosi hata moja. Nikawaza watu wawili wakitoka mle ndani wameshikana mikono na safari hii ni kweli, nami nikibaki kukunja vitambaa vya meza na Yolande. Nikaenda sebuleni na karatasi yangu.

"Simama, mshindi," nikasema.

Adelina akasimama na gauni lake la kijani. Yolande akainua simu. Nami nikasoma kwa ile sauti ya mtangazaji tunayoitumia siku zote.

"Mwiko wa Dhahabu mwaka huu unakwenda kwa Adelina, si kwa bibi wa taka, bali kwa kuigiza mke mwenye mume. Miezi saba bila mapumziko, na mume mwenyewe analala Schaerbeek kwa Emmanuella."

Walicheka. Nimeshasema na nitasema tena, walicheka. Kicheko kile cha mtu aliyeshiba, kinatoka kabla akili haijafika. Warda, mwenzetu wa chamani, alipiga mapaja. Nyambura akasema, "Aki, Shamimu, wewe ni mbaya," na bado anacheka. Kisha wakamtazama Adelina usoni, mmoja mmoja, kikaanza kukatika. Adelina hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama mlango wa ngazini.

Tito alikuwa amesimama pale. Suti ya kanisani, funguo za gari mkononi. Alifika mapema, hiyo si juu yangu. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama amesikia. Shingo yake ilivimba juu ya kola. Akatutazama wote kwa zamu, kama anayehesabu, akamaliza na mkewe.

"Samahani," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Nimekosea mlango."

Akashuka. Tulisikia viatu vyake ngazi zote za ghorofa tatu, kisha mlango wa chini, kisha gari.

Adelina hakukimbia. Ningekuwa mimi ningekimbia. Alinyoosha mkono kwangu, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anataka mwiko. Nikampa.

"Bon, Adelina, acha, ikaa," Yolande akasema. "Si muchezo tu."

"Mshindi lazima ashukuru," Adelina akasema. "Ndiyo kanuni." Akaigeukia simu ya Yolande, iliyokuwa bado inapiga video. "Namshukuru Yolande kwa wali. Namshukuru Nyambura kwa kuhesabu kura. Namshukuru mume wangu, bila yeye nisingepata nafasi hii. Namshukuru Shamimu. Nilikuwa na siri moja duniani, nikampa yeye aniwekee. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka huu nikanunua nguo dukani, nikadhani nimepona. Asanteni."

Akakaa, mwiko mapajani. Nyambura, kwa kutafuta la kufanya, akataka kuzima runinga, akabonyeza kitufe kibaya. Ukumbi mzima wa Waingereza ukapiga makofi.

Yolande anaapa hakuituma ile video kwa kusudi. Anasema alifanya kama anavyofanya kila mwaka, kidole kilizoea. Mimi namwamini, Yolande hana akili ya ubaya. Kufika isha watu mia mbili walikuwa wameiona. Kesho yake muuza simu jirani yangu, ambaye hata Kiswahili hajui, aliniambia mama yule wa kijani anazungumza vizuri.

Nami, ukitaka kujua, sikupata hasara. Watu walisema Shamimu hakujua anaharibu nini. Alikuwa anatania, ulimi umemteleza, alidhani mume kaondoka moja kwa moja, masikini, na mume naye akatokea. Waliniletea hata pole. Niliwaacha waseme. Harusi za mwezi wa nane zilikuwa karibu, nilikuwa na magauni kumi na mawili ya kushona.

Wiki tano baadaye, Jumatano, Adelina aliingia. Nilikuwa peke yangu. Akafunga mlango, akavuta pazia, akavua koti.

"Nipime," akasema.

Nikachukua futi. Nikafanya kazi. Mabega, yaleyale. Kifua, kimeongezeka. Nikazungusha futi kiunoni. Miaka tisa kiuno cha Adelina ni sabini na nane, nakijua bila daftari. Futi ilikataa. Nikailegeza, nikazungusha tena, nikasoma. Tisini na moja. Mikono yangu ikabaki palepale tumboni mwake, gumu, la mviringo, na nadhani yeye ndiye aliyeiondoa.

"Ndiyo sababu sikuja kupimwa," akasema. "Futi yako ingejua kabla ya mtu mwingine. Nilitaka Tito awe wa kwanza. Nilikuwa nimwambie jioni ile ndani ya gari. Wewe nilipanga uwe wa pili."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ni mwezi wa tano," akaendelea, amesimama mbele ya kioo na shimizi. "Nilipomwambia, alisema si yake. Anasema yeye hajakanyaga kwangu tangu Novemba, na mji wote unajua, maana ulitangaziwa. Miezi saba bila mapumziko. Amewapelekea wazee wa kanisa video. Wanakaa Jumamosi. Wakikubaliana naye, barua inakwenda Bukoba kwa baba yangu kwamba nimebeba mimba ya nje nikiwa nyumbani kwa mume. Ameshaiandika. Nimeiona."

Nikamwambia kuna vipimo siku hizi, vya damu.

"Mtoto akizaliwa. Kuanzia sasa mpaka siku hiyo mimi ni nani, Shamimu? Baba ana miaka themanini na moja. Na Emmanuella hawezi kusema, Tito alikuwa anakuja yeye akiwa kazini. Yule bibi wa taka ndiye alikuwa anamwona akipanda, lakini watoto wake wamempeleka nyumba ya wazee na hata jina lake mwenyewe hajui." Akageuka kutoka kwenye kioo akanitazama. "Umebaki wewe. Nilikuambia jikoni kabla hujasoma. Kila Jumamosi, tangu Februari, Emmanuella akiwa kazini. Nilikuambia nikiwa nimekushika mikono, kabla sijawa na sababu ya kutunga uongo. Njoo Jumamosi useme hilo tu. Sitaki jingine kwako mpaka nife."

Wazee watano wa kanisa. Nawajua wote, nimewashonea wake zao. Ningesimama mbele yao niseme, ndiyo, aliniambia. Wangeuliza, lini? Kabla ya kusoma au baada? Na ningesema kabla. Hapo kila mmoja angefanya hesabu. Kumbe Shamimu alijua. Alijua mwanaume yuko njiani na mabegi, akasimama akasoma. Ingefika Ixelles kabla sijashuka tramu. Muuza vitunguu angenitazama tena, na safari hii asingenipa pole.

Nilimwonea huruma. Nataka hilo lijulikane. Niliona mfupa wa shingo yake, niliona kamba ya shimizi imechakaa, nikakumbuka usiku mmoja kati ya zile siku kumi na moja alipoamka akanifunika mguu uliotoka nje ya shuka. Nilitaka kulia.

"Shoga," nikasema, "jikoni kulikuwa na kelele. Mimi sikumbuki uliniambia nini."

Hakuniita mwongo. Alinitazama ndani ya kioo kama mtu anayesoma bei akaona haimudu. Kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Haya," akasema. "Basi nishonee gauni la Jumamosi. La kubana. Safari hii wanione vizuri."

Nikafungua daftari, ukurasa wake, nikakata ile sabini na nane kwa mstari, nikaandika tisini na moja. Alichagua kitambaa cheupe, kile kizito. Nikamwuliza anataka mikono mirefu au mifupi, akasema mirefu. Akavaa koti, akauliza litakuwa tayari lini. Nikamwambia Ijumaa baada ya alasiri, na Ijumaa lilikuwa tayari.